Riwaya ya Miezi Minne na Siku Kumi

Nyinyi vijana mnaokutana Jumamosi kule Rohero kusomeana hadithi zenu, mmeniomba mara tatu niandike nilivyofanya kazi. Haya, naandika. Msitafute sarufi hapa. Mimi nilisoma darasa la tatu, na chuo cha Kurani mpaka juzuu ya tano, basi. Riwaya kumi na moja nimeandika, na hadithi fupi sikuwahi kuzihesabu. Mwenye diploma kati yenu aliyefika hapo anyooshe mkono. Malipo sitayataja, maana kulikuwa na sukari, vitenge na ahadi, na nyinyi wenyewe mnajua ahadi inapikwa vipi.

Kazi yangu ilianza nyumbani kwetu, mtaa wa Buyenzi, baba alipofariki. Kwa wale kati yenu wasiokuwa Waislamu nieleze: mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nje ila kwa dharura. Hapaki hina, hapaki wanja, havai dhahabu wala nguo ya kupendeza. Wiki ya kwanza watu wanajaa uani na masufuria yao. Wiki ya pili wanapungua. Wiki ya tatu mjane anabaki na ukuta, na ukuta huo ndio ulionifanya mwandishi.

Mama alisema nimsomee kitu, chochote. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu yenye maandishi, kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari. Kilikuwa na habari ya mtu aliyepoteza ng'ombe kwenye kivuko cha mto, na kilikuwa kimechanika pale mtu yule anapoingia majini. Nilimsomea siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaniambia hiyo anaijua, niende mbele. Mbele hakukuwa na kitu. Nikaendelea hivyo hivyo, macho kwenye karatasi, kidole kinatembea kwenye mistari ile ile, nikamvusha yule mtu mto, nikampa mke ng'ambo ya pili na shemeji mbaya. Mama hakujua kusoma, lakini alijua kwamba karatasi ya sukari haina maneno ya miezi minne. Siku eda ilipokwisha alioga, akavaa, akaniuliza yule shemeji alifungwa au aliachiliwa.

Jirani mmoja alifiwa mwezi huo huo na akatuma watu waje kuniita. Ndivyo nilivyopata kazi. Sikuandika maombi kwa mtu.

Mwalimu wangu alikuwa Mkongo wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, Mkristo, tulimwita Papa Matayo. Aliwaandikia watu barua kwenye meza yake karibu na Posta. Nilienda kununua kalamu ya bic, akaona kaye niliyoikumbatia, lile daftari langu, akaomba kuangalia. Alisoma kurasa mbili amesimama. Halafu akanivutia kiti, na kwa miaka mingi kile kiti kilikuwa shule yangu. Alinifundisha kukwangua wino kwa wembe mpya bila kutoboa karatasi. Alinifundisha kusoma kwa sauti kila nilichoandika, na pale ulimi unapokwama ndipo pa kukwangua. Alinifundisha kuikata sura mtu akiwa ameshika komeo la mlango, kwa sababu mjane lazima awe na kitu cha kuamkia kesho. Na alinifundisha mahali. Alisema, "Mama Hadija, ukiandika mji fulani, mutu analala. Andika Ruziba, andika na muchanga yake, utaona mutu anaamuka." Nilimwamini kwa hilo kuliko kwa mengine yote, na katika riwaya zangu zote hamtakuta mji fulani.

Riwaya ya eda ina urefu wake. Siku mia na thelathini, sura mia na thelathini, kwa kupunguza mbili au tatu kufuatana na mwezi. Sura moja ni kurasa mbili za kaye, kama nusu saa ya kusoma, baada ya sala ya alasiri. Ukizidisha, mjane anachoka, ukipunguza anakuona mvivu. Sheria yangu ya kwanza, ambayo hakunifundisha mtu, ilikuwa kwamba katika riwaya ya eda mume hafi. Afe mfalme, afe mwizi, afe shangazi kama amezidi. Mume apana.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kulikuwa na mjane aliyetaka wezi tu, nisipoweka mwizi analala. Kulikuwa na mwingine aliyekuwa akigombana na watu wa hadithi, akiwaita kwa majina, mpaka majirani wakafikiri ana wageni. Iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa ya mjane mwenye mimba. Mnajua au hamjui: mwenye mimba, eda yake inakwisha siku anapojifungua, hata ikiwa ni wiki moja baada ya maziko. Mimi nilihesabu miezi kwa kumwangalia tumbo, nikakosea. Tuko sura ya thelathini na moja, shujaa yuko gerezani, adui zake sita wazima, na mama wa watu akashikwa na uchungu. Mkunga ananifukuza, mjane ananishika nguo, anataka mwisho. Niliwaua wale sita kwa homa moja ya matumbo, nikavunja gereza kwa mvua, nikamrudisha shujaa kwake, yote kwa dakika kumi, nikiwa nimesimama mlangoni. Mtoto ni mwanamke mkubwa sasa na wanamwita jina la shujaa, ingawa shujaa alikuwa mwanamume.

Watu walisema mengi. Mwalimu mmoja wa kartie, mtaa wetu, alitangaza kwamba nanakili vitabu vya Kifaransa, mimi ambaye kwa Kifaransa najua kusalimu na kukataa. Wengine walisema naingia nyumba za watu kuiba siri na kuzisoma nyumba ya pili. Hiyo iliniuma zaidi. Jibu langu lilikuwa moja, kwa mwalimu na kwa wote: nimetunga mwenyewe. Sikuiba kwa mtu, sikuambiwa na mtu. Nimelisema neno hilo mbele ya imamu, mbele ya ndugu za marehemu mume wangu, na mara moja mbele ya askari aliyetaka kujua kwa nini mwanamke anatembea na makaye matano. Nilijivunia neno hilo kama wengine wanavyojivunia nyumba.

Halafu ikaja tisini na tatu. Rais aliuawa Oktoba, na yaliyofuata mliyaona, au mama zenu waliyaona wakiwa wamewabeba mgongoni. Kabila la mtu sitaliandika hapa. Sikuwahi kuliandika kwenye riwaya na sitaanza leo. Buyenzi tulikaa tumechanganyika wakati kartie nyingine zinajitenga, lakini watu wetu walikuwa na safari zao, na safarini ndiko walikofia. Kabla ya vita nilikuwa na mjane mmoja au wawili kwa wakati. Mwaka wa pili wa vita nilikuwa na tisa. Huwezi kusoma nyumba tisa baada ya alasiri moja. Na mjane hatoki, huwezi kumwambia njoo hapa.

Ndipo nikaanza kuchapa. Papa Matayo alinipatia mashine ya kuandikia, herufi ya r imevunjika mguu, na mtu aliyekuwa na mashine ya stensili nyuma ya duka lake. Unapiga stensili bila utepe, herufi zinatoboa ile karatasi ya nta, ukikosea unapaka dawa na kupuliza mpaka ikauke. Nilikuwa napiga kwa vidole viwili. Kila nyumba ilipata kijitabu cha wiki, na msichana wa nyumba anayejua kusoma ndiye alisoma. Wanawake wa Kikristo nao wakaanza kutuma watu waje kuchukua. Mkristo hana eda lakini ukuta anao. Ilipokuja ambargo, nchi jirani zikatufungia mipaka, karatasi ikapotea mjini. Tulichapa kwenye mgongo wa fomu kuukuu za benki, na ilipokwisha fomu, kwenye karatasi za kukatia ruwaza za mafundi cherehani, unasoma sura na katikati yake kuna bega la koti. Papa Matayo alikuwa amerudi kwao Uvira kutafuta amani. Vita vikamfuata hukohuko. Sikupata habari zake tena. Kiti chake kilikaa pale Posta miezi kadhaa, halafu mtu akakichukua.

Lazima niwaambie pia tulivyokuwa tunaongea miaka ile, maana nyinyi mmekua kwenye simu. Habari ya kweli haikusemwa wazi. Ukuta una masikio, na aliyetajwa leo kesho hayupo. Ukitaka kumwambia mama kwamba kaka yake yu hai, amevuka, unamwambia kile kitenge chako cha kijani nilikiona kimeanikwa Uvira. Ukitaka kusema wanajeshi wako kwenye barabara fulani, unasema huko leo matope mengi. Mama anasema ahsante, anaendelea kuchambua mchele, na machozi yanamtoka. Kartie nzima ilijifunza kusikia neno lililo nyuma ya neno. Mimi nilikuwa hodari wa hilo kuliko wengi, na bado sikufikiri kwamba wanaonisikiliza wamejifunza vilevile.

Mwamini alikuwa na miaka ishirini na nne. Mume wake Yusufu alikuwa fundi wa injini, gareji yake avenyu ya pili kutoka kwetu, kijana mpole mwenye kucha nyeusi. Alipanda basi kuelekea kusini kutengeneza mota ya boti. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, basi lilisimamishwa, wanaume wanne wakateremshwa, basi likaamriwa liondoke. Abiria wawili walikula kiapo mbele ya shehe kwamba waligeuka nyuma na kumwona Yusufu akianguka. Mwili haukupatikana. Shehe aliwauliza mara tatu, akapokea ushahidi wao, akasema Mwamini akae eda. Mama mkwe wake, Bi Tatu, ambaye Yusufu alikuwa mtoto wake pekee, aliukubali. Alisema Mungu ametoa, Mungu ametwaa, akamvalisha mkamwana kwa mikono yake. Mwamini alikaa kwa sababu aliambiwa akae. Lakini alikaa ametazama mlango.

Nilikwenda kumsomea mwenyewe, sikumpelekea kijitabu. Bi Tatu aliniomba, na nyumba ilikuwa karibu. Sura ishirini za kwanza hakusikia neno. Siku moja akaniuliza, sauti ndogo kabisa, kama ningeweza kuweka humo mume aliyepotea. Si aliyekufa, alisema. Aliyepotea. Nilipaswa kukataa. Nilikuwa na miaka ishirini na zaidi ya kazi na sheria yangu ilikuwa imekaa vizuri. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuomba kitu tangu aingie eda, hata chumvi hakuwa akiomba. Nikaanza riwaya upya, hesabu ya sura nikaiacha iendelee na siku za eda: fundi anayeitwa Idi ametoka nyumbani asubuhi na hakurudi, na mke wake Zuhura anangoja.

Akaanza kula. Akaanza kuniuliza maswali. Mke anavaa nini, nyumba yake inatazama wapi. Bi Tatu alinibusu mkono. Nikawa najiona daktari. Ilipofika sura ya themanini akaacha tena kula, kwa sababu Idi bado hajulikani aliko, na mimi nilikuwa namchelewesha kwa ufundi, kama Papa Matayo alivyonifundisha. Alinyauka mbele yangu. Nikaona huruma, na labda nilitaka kumwona akifurahi kwa neno langu, sitawaficha. Asubuhi moja, kabla ya adhuhuri, niliandika sura ya themanini na nane. Idi yu hai. Amejificha Ruziba kwa wavuvi, mguu umeumia, anawasaidia kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani. Jioni anaosha mikono kwa sukari na sabuni ya unga kutoa grisi, na wavuvi wanamcheka kwa kuharibu sukari.

Kwa nini Ruziba? Kwa sababu siku ile nilikula ndagala za Ruziba. Hakuna sababu nyingine. Nimelitafuta moyoni jibu bora kuliko hilo na sikuliona.

Nilimsomea. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema ahsante, Mama Hadija, akashika mkono wangu na kuubana, kwa namna ambayo ningeielewa kama ningekuwa naangalia. Nilirudi nyumbani nimeridhika na kazi.

Kesho yake nilimkuta amepaka hina.

Miguu yote miwili, mpaka kwenye kifundo, mbichi, inanukia chumba kizima. Siku ya themanini na tisa ya eda. Bi Tatu alikuwa amekaa chini kwenye kona, kanga mdomoni. Nilimuuliza Mwamini amefanya nini. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemlinda mwenzake asijitie hatarini, kwamba hataniuliza nani aliniletea habari, na hatamwambia mtu kwamba zimetoka kwangu. Nikamwambia hakuna habari, ile ni hadithi. Akatabasamu. Alisema bila shaka ni hadithi. Nikamwambia mafundi wote wa Buyenzi wanaosha mikono kwa sukari, si Yusufu peke yake. Akasema ndiyo, wote.

Alikwenda Ruziba kesho yake na kipande cha kitenge cha Yusufu mfukoni. Barabara ile ilikuwa mbaya mwezi ule, watu walikuwa wanashambuliwa mchana kweupe kwenye ile njia ya Kanyosha. Alirudi saa tisa, mchanga umemganda kwenye hina. Wavuvi hawakumjua fundi yeyote. Alisema wanaogopa, ndiyo maana. Wiki iliyofuata akaenda tena. Alikuwa ameacha nguo za eda kabisa. Wanawake wa avenyu walimsema, shehe alikuja na kuongea naye kwa saa nzima, wale abiria wawili walirudi kuapa mbele yake. Aliwasikiliza wote kwa adabu. Kila aliyemwambia amekufa alimwona kama mtu mwingine anayemficha Yusufu vizuri.

Ndipo Bi Tatu akaja kwangu. Hakukaa nilipomkaribisha.

"Mama Hadija, mutoto wangu alikufa. Mi njo nilimuzaa, na mi nasema alikufa. Wewe ulimufufua. Sasa umuzike."

Nilimwambia sijawahi kumuua mume katika riwaya ya eda.

"Utaanza na wangu," alisema. "Yule binti akienda mara ya tatu harudi. Niko na mutu mumoja tu amebaki."

Niliandika siku tatu. Hakuna sura niliyokwangua kwa wembe kama ile, karatasi ilibaki nyembamba, ukiinua unaona mkono. Idi alikufa kwa ule mguu. Wavuvi walimwosha kwa maji ya ziwa na wakamkafini kwa tanga la mtumbwi, na mzee wao alimsomea anachokijua. Nilimpa kila kitu ambacho Yusufu hakupata. Nilitaja mahali alipozikwa, na nilipachagua mahali pasipokuwepo, hilo nilikuwa nimejifunza. Papa Matayo angeipenda sura ile. Hakuna aliyeisoma baadaye, nimeichoma.

Tulikaa watatu, mchana, mlango umefungwa. Hina ya Mwamini ilikuwa imebaki kwenye kucha tu. Nilisoma polepole. Nilipofika kwenye kuoshwa, Bi Tatu aliinamisha kichwa, nikajua kwamba yeye ndiye anayezika. Mwamini alinitazama mdomo muda wote. Mwisho akauliza swali moja.

"Nani alikwambia?"

Hapa vijana msome vizuri. Bi Tatu aliinua uso akanitazama, na macho yake yalisema wazi: mtaje mtu. Yeyote. Mvuvi, dereva, mwanamke wa sokoni. Jina moja la uongo na mkamwana angeamini, angelia, angerudi ndani kumalizia siku zake na kuishi. Mimi ambaye nimeishi kwa uongo, ambaye niliua watu sita mlangoni kwa dakika kumi, nilikuwa na majina mia kwenye ulimi. Lakini swali hilo nilikuwa nimelijibu miaka yote, kwa mwalimu na kwa imamu na kwa askari, na jibu likatoka lenyewe kabla sijalitazama, na limenyooka mgongo.

"Sikuambiwa na mutu. Nimetunga mwenyewe."

Mwamini aliondoa macho mdomoni mwangu. Halafu akasema, na hakuwa na hasira hata chembe, "Basi na kufa kwake umetunga."

Akasimama akaenda kupika chai. Alituletea wote wawili. Bi Tatu hakuigusa. Hakunitukana pia, na ningependa angenitukana.

Mwamini aliondoka asubuhi ya pili yake. Adhuhuri tulisikia milio kutoka upande wa kusini, tukasikia mchana kutwa. Saa tisa ikapita. Siku iliyofuata mtu alisema alimwona Kanyosha akitembea peke yake kando ya barabara. Mwingine alisema kuna wanawake walivushwa na mtumbwi kwenda Kongo siku hiyo. Mashahidi wawili wa kuapa hawakupatikana, kwa hiyo shehe hakuwa na la kupokea, na matanga hayakuwekwa. Mpaka leo naandika, vita vimekwisha, watu wanapita barabara ile kwenda kununua samaki, hajarudi.

Mtauliza kama niliacha kazi. Sikuacha. Nilikuwa na wajane saba wakingoja vijitabu vya wiki, na hakuna aliyejali huzuni yangu, walikuwa na zao. Niliandika mpaka mwaka huu. Lakini nilichapa kwenye jalada la kila kijitabu kwamba hii ni hadithi, haina habari ya mtu. Mmoja wa wajane akaniambia kwamba hilo ndilo lililomfanya aanze kusikiliza kwa makini. Sina shauri la kuwapa juu ya jambo hilo. Kama lipo, nyinyi wenye shule mtaliona.

Bi Tatu alikaa karibu mwaka bila kupita mlangoni kwangu. Halafu alikuja siku moja asubuhi, amezeeka, anashika ukuta. Safari hii alikaa. Aliniambia nisome ile ya ndagala.

Nilijifanya sikuelewa. Akasema ile ya mchangani, wavuvi wanamcheka kwa sababu ya sukari. Nilikuwa na kaye yake bado, nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chakula kisichotosha.

"Muandike na yeye," alisema. "Mwamini. Amefika pale, amemukuta."

Nilimwambia mimi sipeleki watu Ruziba tena. Nilimwambia yeye mwenyewe aliniagiza nimzike mtoto wake, na kwamba mimi mwanamke mzima nimejua sasa karatasi inafanya nini.

Alinyoosha miguu yake mbele yangu, imevimba, ngozi inang'aa. "Mi nitaenda wapi na hii?" alisema. "Siendi kumutafuta mutu. Andika tu, dada yangu. Mi najua ni wewe unatunga."

Niliandika palepale, yeye amekaa. Kurasa tatu. Hazina komeo la mlango, hazina ufundi, ulimi ulipokwama niliuacha ukwame. Nilimsomea siku ile, na kila Ijumaa baada ya hapo alipokuja, na alipoacha kuweza kuja nilimfuata kitandani, mpaka walipomfunika uso.

Makaye yangu yote yako kwenye sanduku la bati, na mmesema mnataka kuyapeleka kwa mtu wa kuchapa. Yachukueni, rekebisheni sarufi, tieni majina yenu chini kama wahariri, sitagombana. Zile kurasa tatu hazimo. Ninazo mimi, na msiniombe.